Kalibu

Risasi ni jina moja, la madini na la kinachoua.
Lugha yetu haikuona haja ya kuyatenganisha:
kipande cha kusawazishia gurudumu la lori,
kikiwa bado baridi, bado na tope la barabara ya Himo,
tayari kinaitwa kwa kazi yake ya kesho.
Kilichobaki ni kalibu tu.

Kalibu ndiyo iliyonipeleka Njoro, nyuma ya stesheni,
kwa Fundi Mkwizu, mstaafu wa karakana ya reli.
Bunduki ya marehemu baba nimeiviringisha mkekani,
leseni iko kifuani, muhuri wa polisi ungali unanuka wino.
Akatandika gazeti mezani, akaweka kalibu mbili:
ya baba, mikono yake ya mti imeungua nusu;
na aliyoichonga yeye, ya shaba,
inang'aa kama jino la bandia.

"Nataka ya baba," nikasema. "Nisaidie tu kutoa kutu."
Hakunijibu.
Fundi wa reli haamini mtu, anaamini kipimo.

Akachukua donge la risasi laini, akalipaka mafuta,
akalitia mdomoni mwa kasiba, akalisukuma
kwa fimbo ya mninga, ko, ko, ko,
polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji.
Likatokea upande wa pili limechorwa mifereji,
siri zote za ndani limezibeba ubavuni.
Akalibana kwa kalipa. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Kasiba inadai kumi na moja, nukta tatu.
Kalibu ya mzee inatoa kumi, nukta tisa.
Mwanangu, risasi ya humu ilikuwa inatoka inacheza.
Iliondoka na moshi, ikaenda ilikotaka."

Nikakaa juu ya ndoo.

Miaka thelathini, shamba la chini, Mabogini,
mahindi yanaota ndevu, nyani wanavuka mfereji,
baba juu ya kichuguu, bega limetulia, jicho moja limefumba,
kisha kishindo, kisha wingu jeupe, kisha nyani
wakigeuka kutazama nani anapiga kelele.
"Nimemhurumia," alikuwa akisema.
"Alikuwa na mtoto mgongoni."
Kila nyani wa Mabogini alikuwa na mtoto mgongoni.
Tulimcheka usiku, ndani ya blanketi,
tukiumana mikono ili asisikie.

Jioni nikapanda Kibosho kumpa mama habari.
Alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.
Hakuinua uso.
"Kalibu ile niliinunua mimi. Arusha,
mwaka tuliofunga ndoa, kwa muuza vyuma wa Kaloleni.
Aliniapia kasiba zote za Kijerumani ni ndugu.
Nilitoa pesa ya maziwa, ya miezi minne."
Akatupa ganda.
"Alipoipokea aliishika kwa mikono miwili."
Kisu kikasimama.
"Kwani yeye alijua?"

Nikakumbuka mkebe wake wa ugoro:
ndani, pamoja na kifungo na sindano ya kushonea viatu,
donge moja la risasi, limechorwa mifereji ubavuni.
Utotoni tulilibiringisha sakafuni, tukidhani ni shanga
ambayo mtu alisahau kuitoboa.

Sikumjibu mama. Nikachukua kisu cha pili, nikamenya.

Asubuhi nimerudi Njoro, nimelipia ile ya shaba.
"Na hii kuukuu nikuuzie kwa kilo?"
Nimeikunja kwenye gazeti, nimeitia mfukoni,
inagonga paja kila hatua hadi stendi.

Wiki ijayo mahindi yanaota ndevu.
Bunduki hii sasa itapiga inapoelekezwa,
kwa hiyo mimi, kabla ya kufumba jicho moja,
itanilazimu nitazame kweli
mgongoni mwa kila nyani kuna nani.