Kimya cha Zillah Ormerod

Magazeti ya leo yanasema alizaliwa msanii.
Sivyo. Alizaliwa Burnley, mwezi wa Februari,
nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha pamba,
mtoto wa mfumaji na wa mwanamume
aliyekwenda kununua tumbaku asirudi.

Nayajua haya kwa kuwa nilimvalisha miaka thelathini na mmoja,
pini mdomoni, magoti sakafuni,
na mtu anayefungwa vifungo mgongoni husema mengi
maana haoni uso wa anayemsikiliza.

Kiwandani, alisema, mitambo ilinguruma
hata sauti ya mtu ikawa sarafu iliyodondoka mtoni.
Basi wanawake walizungumza kwa midomo mitupu,
wakiyavuta maneno kama ulimbo:
bei ya mkate, nani mjamzito, nani kapigwa na mumewe,
na hakuna msimamizi aliyeambulia neno.
Mama yake alirudi jioni na pamba nyweleni,
masikio yakizidi kufunga milango.
Mezani walisemezana kwa nyuso.

Meneja wa kikundi cha Morecambe alilitazama jina.
Zillah? Ormerod?
Hilo ni jina la kanisa na mfereji.
Akambatiza Sylvia Orme,
akamfunza kuifuta Burnley ulimini,
irabu moja baada ya nyingine,
kizibo cha chupa kati ya meno.
Tamthilia mpya kila Jumatatu.
Wiki hii malkia, wiki ijayo maiti,
na soksi zikianikwa juu ya taa
katika chumba cha kupanga chenye harufu ya kabichi.

Halafu filamu. Usiniulize ngapi.
Katika nyingi anaingia na sinia,
anasema, "Chai, bibie," anatoka.
Moja mkasi ulimla mzima mzima,
likabaki bega lake kwenye kioo cha ukutani,
upande wa kushoto, ukiwahi kutazama.
Alinilipia tiketi twende tukalione hilo bega.
Tulicheka hadi tukatolewa nje.

Sasa usiku wenyewe.
London, baridi ya kuvunja vidole, ana miaka arobaini na minne,
mara ya kwanza jina lake kuwaka juu ya mlango
(balbu za herufi S zimeungua).
Mama amekuja kwa treni na koti la kuazima,
safu ya tatu, kiziwi wa kutupwa sasa,
peremende mapajani.
Sehemu ya pili: mjane anasoma barua.
Mswada unataka mayowe.
Mimi nipo pembeni, nimeshika shali.
Akaishusha barua, akatazama gizani,
midomo ikafunguka bila sauti,
pana, polepole, kila silabi na mfupa wake.
Ukumbi mzima ukaacha kukohoa.
Na kutoka safu ya tatu
bibi mmoja akajibu, kwa midomo vilevile.

Kesho yake wakosoaji walimwaga wino.
Mmoja alikiona kifo cha Mungu ndani ya kimya kile.
Mwingine, vita. Wanafunzi wamekiandikia tasnifu.
Mwongozaji alidai ni wazo lake,
kikaingizwa mswadani kwa herufi za mlazo,
naye akakirudia usiku mia mbili na sita.

Nilimuuliza nikimlegeza kamba za kiuno:
uliliambia nini lile giza?
Akacheka, Burnley yote ikamrudia mdomoni.
"Nilimuuliza kama amekula."
Akasemaje?
"Amekula mkate na yai. Na yai halikuiva."

Alhamisi nilikwenda hospitali.
Koo walikuwa wamelikata, sauti hakuna.
Akanishika kidole, akanisemesha kwa midomo,
pana, polepole.
Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo,
kama afanyavyo mgeni sokoni.

Leo tangu asubuhi nimesimama mbele ya kioo,
bila pini,
nauiga mdomo ule,
naufungua hivi, naufunga hivi,
nione ulikuwa ukisema nini.