Mkufu wa Kuazima

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, Ruwi,
soko halijafunguliwa.
Nafungua jedwali langu:
safu ya kwanza, hisa zote za Mfuko wa Maghala;
safu ya pili, zilizolala nyumbani;
safu ya tatu, zilizotoka kwa kuazimwa.
Safu ya tatu imenona wiki hii.
Juzi tisa katika mia. Jana kumi na moja.
Leo kumi na nne na nukta.

Kazi yangu kuhesabu, si kuuliza.

Muhanna yuko Dubai, ghorofa ya thelathini.
Uso wake siujui, najua sauti:
"Niazime laki mbili nyingine, dada."
Anaazima, anauza papo hapo,
kisha anakaa akiiombea bei ianguke
kama wengine wanavyoomba mvua,
anunue rahisi, arudishe idadi ileile,
na kilichobaki katikati akitie mfukoni.
Nguo ya kuazima, walisema, haisitiri matako.
Muhanna kajisitiri, na gari kanunua.

Saa tano simu inatetemeka chini ya meza.
Shangazi Ghaniya, kutoka Al Khoud,
na Kiswahili chake cha Ng'ambo
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakipiga pasi:
"We Thuweiba, hebu n'ambie, nani huyo anayeuza?
Jana baisa mia na ishirini, leo mia na nne!
Kiinua mgongo cha marehemu kile, mwanangu.
Ana kisa gani na mie?"

Natazama safu ya tatu.
Mteja namba 40718, hisa elfu sitini,
zote ziko nje.
Alitia saini mwaka juzi, ukurasa wa kumi na tisa,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
na mimi ndiye niliyemshikia miwani.

Nimwambie nini?
Kwamba jiwe linalomwangukia
limetoka kabatini mwake?

Ana mkufu, shangazi yangu.
Maharusi wa mtaa mzima wameuvaa.
Hutoka Jumatano, hurudi Jumamosi,
wala haurudi mkono mtupu: huja na sahani ya halwa,
zafarani inanukia hadi ngazini.
Hajatokea bi harusi wa kuuyeyusha usiku wa kwanza
kwa kutaraji dhahabu itashuka kabla ya fungate kwisha.

Ijumaa nikaendesha gari hadi Suhari,
nimchukie Muhanna kwa ushahidi.
Maghala kumi na mawili ya mfuko, nikayazunguka yote.
Manane yamefungwa. Kufuli zina kutu.
Mbuzi wamelala kivulini mwa mlango namba tano,
na vumbini hamna alama ya tairi.
Mlinzi akacheka:
"Wewe wa pili. Mwezi wa pili alikuja bwana wa Dubai,
siku tatu kakaa hapa anahesabu malori.
Manne."

Kwenye ripoti ya mfuko, karatasi ya kung'aa,
maghala yote yamejaa na bendera zinapepea.

Nikarudi na chuki yangu, haina pa kushukia.

Jumapili nikamweleza shangazi yote:
saini, miwani, mbuzi, Muhanna.
Alinyamaza, nikasikia feni yake ikizunguka.
Hasara hakuiulizia.
"Alipoziazima, alilipa?"
Alilipa, shangazi. Kila siku.
"Akapokea nani?"
Sisi.
"Haya. Halwa mmekula nyinyi.
Basi nirudishieni sahani."

Nikaandika: 40718, zirudi zote.
Jedwali likawaza kidogo, likajisoma upya.
Kumi na nne, kavu.
Ile nukta ndiyo iliyokuwa yake.