Mbegu Haikai Kibuyu Kimoja

Simu iliingia saa mbili kasoro, niko Majengo,
nahangaika na printa ya mtu inayotafuna karatasi.
"Fundi, imezimika. Inalia kama mjusi."
Mjusi huyo namfahamu.
Ni diski inayokata roho.

Ofisi ya kikundi ni chumba kimoja pale Hombolo,
nyuma ya mizani ya zabibu.
Kompyuta imevikwa kitambaa cha kufuma,
na chini ya kitambaa feni imejaa vumbi jekundu
mpaka imeota manyoya.
Umeme inagawana na friji ya soda.
Jana, walisema, ulikatika mara tano
na kila mara ukarudi na hasira.
Kwenye ukingo wa kioo wamebandika neno la siri:
zabibu123.
Hata kuku anayepita mlangoni angeingia.

Nikafungua skrubu nne. Nikapuliza. Nikatega sikio.
Tik. Tik. Kimya. Tik.
Misimu sita ya mavuno, nani kaleta kilo ngapi,
nani kakopa dawa ya ukungu hajalipa mpaka leo,
barua za wafadhili, picha za kisima,
yote mle, na mle tu.
Ndahani, katibu, aliitazama mikono yangu
kama watu wanavyomtazama daktari wanayeogopa kumuuliza.
"Nakala iko wapi?"
"Nakala ya nini?"

Basi nikatoa mahubiri yangu ya kila ofisi:
nakala ziwe tatu, moja hapa,
moja kwenye diski ya nje, nyumbani kwa mwenye kabati la kufuli,
moja winguni.
Neno la siri liwe refu, liwe utani wenu wenyewe,
na lisikae ukutani.
Kabla ya printa ya rangi, nunueni kikinga umeme.
Akipiga mtu akasema yuko benki, anaomba namba iliyoingia kwenye simu,
kateni, hata kama anakuiteni mama.
Na barua pepe ya kikundi isiwe ya binti mmoja;
akiolewa Singida, kikundi nacho kimeolewa.

Perisi Chilewa, mweka hazina, alikuwa anapepeta uwele mlangoni.
Sikudhani anasikiliza.
"Wingu lipi hilo, mwanangu?
Sisi mawingu tunayaona toka Oktoba.
Yanakuja meusi, yanatuchungulia,
yanakwenda kunyesha Morogoro.
Ndiyo tuyakabidhi daftari?"

Nikaanza kueleza, kompyuta za watu, mbali, kubwa,
maneno yakanikwama. Akanisaidia:
"Mbegu yangu, kibuyu kimoja kiko juu ya moshi.
Kingine kwa dada yangu Chilonwa.
Cha tatu nimempa jirani ambaye hatusemezani;
huyo hawezi kuila, ataona aibu.
Unasema hiyo?"

Hiyo hiyo.
Mwaka wa tisa nafanya kazi hii
na sijawahi kuieleza hivyo.
"Sasa si ungesema mbegu."

Akainuka, akatoa kaunta buku chini ya gunia:
misimu miwili kwa kalamu ya bluu.
Ya kabla ya hapo mchwa walishaisoma.
Ndahani akaipokea kwa mikono miwili.

"Na wewe fundi, zako umeziweka wapi?"

Nikajifanya natafuta skrubu sakafuni.
Mfukoni nina simu iliyopasuka kioo,
ndani yake sauti ya mama, sekunde arobaini na moja,
ananiagiza chumvi, na nisisahau kiberiti,
wiki mbili kabla ya hospitali.
Iko mle, na mle tu.

Diski yao niliifunga kwenye kitambaa kile kile.
Nitajaribu mjini, nikasema, ila siahidi.
Tulipofika Ihumwa nikatazama chaji:
asilimia nne.
Nikaizima, nikashika mfuko,
na sikuuachia.