Saa ya Kutoka

Nalinda geti la ghorofa tisa, Mikocheni,
kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi.
Daftari langu lina safu nne:
jina, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Safu ya nne haijawahi kuniletea ugomvi.
Mtu akitaka kutoka, nanyanyua chuma,
anatoka.
Hata asiponisalimu.

Ramadhani iliyopita, baada ya daku, nikisinzia,
ujumbe ukaingia: Jua maana ya ndoto zako! Bonyeza 1.
Kidole kikabonyeza. Ni changu, sikikani.
Tangu hapo, kila kunapokucha, shilingi mia na hamsini
zinanitoka kabla sijanunua hata kitumbua.
Ukiota nyoka, una adui karibu.
Ukiota maji, safari inakuja.
Mimi, mlinzi wa usiku,
niote saa ngapi?

Nikatuma ONDOA.
Wakajibu: Neno hili halitambuliki.
Nikatuma ondoa, kwa herufi ndogo, labda mwanzo nilikuwa nafoka.
Wakajibu: Hongera! Sasa utapata ndoto mbili kwa siku.

Nikapiga simu. Kwa Kiswahili, moja.
Kwa ofa, mbili. Kwa mkopo, tatu.
Nikaingoja namba ya kuondoka mpaka tisa,
na baada ya tisa nyota, na nyota ikanirudisha kwenye moja.
Kisha wakanipigia kinanda.
Salio likakata kinanda kikiwa ndiyo kwanza kinachangamka.

Jumatatu sikulala, nikaenda ofisini kwao, Posta.
Viti vya buluu, kiyoyozi cha kugandisha samli,
kikaratasi changu: mia mbili na kumi na nne.
Dada Eliaichi, jina liko kifuani,
akaniuliza kwa upole wa kufundishwa:
"Kwani baba, tumekukosea nini?"
kama mke aliyemkuta mume akifunga virago.
Nikasema hamjanikosea, nataka kutoka tu.
Akasema kutoka kuna fomu, fomu iko kwenye mfumo,
mfumo uko chini.
Chini wapi, dada, nishuke nikauokote?

Akacheka. Kicheko kile kilikuwa chake mwenyewe,
hakumfundisha mtu.
Akaangalia nyuma, akainama kwenye kioo:
"Mimi wananitumia za nyota. Mwaka wa pili huu."

Tumelelewa tukiambiwa
asiyefunga mlango usiku, mwizi humwingilia.
Hatukuambiwa kuna mlango
unaoiba kwa kujifunga.

Usiku huo, saa nane, jenereta la jirani likikohoa,
wapangaji wangu wote wakiota bure, bila makato,
nilifungua daftari, mstari mpya.
Jina: Kibwana Shomvi.
Gari: hana.
Saa ya kuingia: kumi na nusu alfajiri, akisinzia.
Saa ya kutoka:
kalamu ikasimama hapo, wino ukafanya kidoa.

Asubuhi msimamizi, Bwana Mchomvu,
akapitisha kidole chake mstari kwa mstari,
akafika kwenye kidoa, akainua macho
akanikuta bado nimeegemea geti, zamu imeisha zamani.
"Wewe Kibwana, mbona hujatoka?"

Nangoja mfumo, mkuu.