Zamu ya Neptuni

Darubini hatukuwa nayo.
Bi Subilaga, mkufunzi wa fizikia,
aliingia Jumanne na boga kwapani,
la soko la Uyole, bado lina udongo,
akalipima kwa rula: sentimita thelathini.
"Hili ndilo Jua," akasema,
akalitua juu ya nguzo ya geti la chuo
na mlinzi akaamriwa asiliguse.

Dunia ilikuwa punje ya mtama.
Hatua arobaini na tatu. Alipewa Lugano,
kijana wa Chimala asiye na jambo asilolicheka.
Akaiweka kiganjani, akapiga chafya,
na kabla hajainama
kuku wa mama ntilie akaidonoa Dunia,
bahari zake, milima yake, madeni yetu ya ada,
akafuta mdomo kwenye nyasi.
Bi Subilaga akaandika kitu daftarini.
Hakutuambia nini.

Zuhura punje, Mirihi nusu punje.
Mshtarii ndulele ya manjano,
Zohali ndulele changa, pete yake karatasi ya peremende.
Uranusi haragwe.
Na mimi haragwe.

Neptuni: hatua elfu moja na mia tatu
kwa barabara ya Tukuyu,
mwezi wa saba, ukungu umelala hadi kwenye lami.
Kufika mia sita boga silioni.
Kufika mia tisa sisikii kicheko cha Lugano.
Lori la viazi likapita likanikata hesabu;
elfu moja na mia moja, au na mia mbili?
Nikajichagulia pa kusimama,
kando ya shamba la kabichi,
vidole vimekufa ganzi, haragwe limeshika jasho.

Mwangaza, tulifundishwa,
hutoka kwenye Jua ukafika Neptuni
baada ya saa nne na dakika kadhaa.
Nikamkumbuka mama, Makete,
auzaye viazi mwezi wa tatu
na ada ikanifikia wa tano.

"Ugonile," ikasema sauti.
Mwanamke, mzigo wa kuni umemdondoka njiani.
"Ndaga," nikajibu, Kinyakyusa cha kuazima.
"Unamngoja nani kwenye baridi hii?"
Nikafungua kiganja.
"Mimi ni Neptuni. Sayari ya mwisho."
Akalitazama haragwe, akanitazama mimi,
koti la mtumba, viatu vya mvua.
"Ya mwisho? Huko mbele kuna Ntokela,
kuna Kiwira,
kuna kwangu. Nitwike."
Nikamtwika. Kuni mbichi, nzito.
Akaenda upande ambao somo letu
halikuwa limeufikia:
nyota ya jirani, kwa kipimo cha boga lile,
iko kilomita elfu nane na zaidi,
na mimi hata pasipoti sina.

Hakuna aliyeniita.
Nilirudi kwa kuhesabu kinyumenyume
nikakuta ndulele zimetupwa mtaroni,
na wenzangu jikoni, wamelizunguka sufuria.
Walihesabu saba wakaona zimetimia.
"Kwani Neptuni alikwenda wapi?" Ambindwile akauliza,
mdomo umejaa.
Jua lilikuwa limepikwa kwa chumvi tu.
Changu kilibaki kipande cha upande wa kikonyo,
kimeshapoa.
Nikakila. Kilikuwa kitamu, sitasema uongo.

Mtihani wa Novemba ulituuliza
tutaje sayari nane kwa mpangilio kutoka kwenye Jua.
Nilizitaja. Alama nane kati ya nane.
Swali la baridi halikuwepo.

Usiku ule wa boga ukungu ulipanda saa tano.
Nilitoka nimejifunga blanketi,
nyota zimemwagika juu ya Loleza kama ulezi uliopasuka gunia.
Neptuni haionekani kwa macho matupu,
kitabu kinasema hivyo, ukurasa wa arobaini na moja.
Nilisimama vilevile,
mkono mfukoni,
nikiligeuzageuza haragwe
na kusikiliza kama kuna mtu, huko chini barabarani,
anayeomba kutwikwa.