Gurudumu Lisilosimama

Kwanza tulisema ni mvivu.
Amondi, miaka minne, hukimbia hatua kumi
kisha huchuchumaa, magoti kifuani,
kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
Mama yangu alisema ni jicho la watu.
Mwalimu wa chekechea alisema, mpeni mayai.
Midomo ilikuwa rangi ya zambarau, nasi tukamtania:
umekula tena bila kutugawia!
Haukuwa msimu wa zambarau.

Pale Russia, hospitalini, walimpaka mafuta baridi kifuani
na kwenye kioo nikauona moyo wake
ukihangaika, mdogo kama ngumi yake.
Dakta Muhonja akanichorea nyuma ya risiti yangu ya spea:
vyumba vinne, ukuta wenye tundu,
mlango wa kwendea mapafuni umebana,
damu iliyochoka inapenya, inachanganyika na iliyo safi.
"Akichuchumaa anailazimisha damu ipite mapafuni.
Hakufundishwa na mtu."

Mtoto niliyemwita mvivu
alikuwa fundi kunishinda.

Mimi naziba pancha hapo Nyalenda,
mwaka wa kumi na sita huu. Tundu nalijua.
Nikauliza: mnalizibaje
gurudumu lisilosimama?
Akafunika kalamu yake.
"Tunalisimamisha.
Mashine itazungusha damu kwa niaba yake, saa mbili, labda tatu.
Kisha tunauamsha."

Usiku huo nilimweleza Peres yote,
ukuta, mlango, kiraka, gharama,
yote isipokuwa neno lile, kusimamisha.

Miezi saba kwenye orodha.
Wa bodaboda walichanga, kanisa likachanga,
nikauza pampu kubwa, nikabaki na ya mkono.
Siku yenyewe nilihesabu vigae vya ukumbi
mara nyingi, na kila mara idadi ilikuwa nyingine.

Walipotoka niliuliza la kijinga:
kiraka hicho, kitadumu?
Dakta, macho mekundu, alama ya barakoa puani:
"Nyama yake mwenyewe itaota juu yake.
Kitakuwa yeye."
Viraka vyangu huonekana mpaka mpira ufe.

Bado tunarudi kliniki. Bado wanasikiliza.
Kovu limeshuka kifuani wima kama zipu,
naye huwaonyesha wenzake kwa ada ya njugu tatu.

Jana alikimbia kutoka kwa muuza makaa hadi kwangu.
Nane. Tisa. Kumi.
Akachuchumaa.
Spana ikaniponyoka.

Alikuwa ameona kifuniko cha vali vumbini.
Akakipuliza, akaniletea:
"Baba, hiki si chako?"