Upindo wa Vidole Vinne

Mji wetu, Łódź, jina lake maana yake ni mashua,
ila hauna maji ya kuelea hata ganda la yai.
Una mabomba ya moshi na matofali mekundu,
una wanawake watokao zamu ya usiku
na vumbi la pamba kwenye nyusi,
wakikatiza uani kama waliozeeka kwa saa nane.

Mama yangu, Bogumiła, alikuwa mmoja wao.
Akirudi halali. Anavua viatu,
anakwenda moja kwa moja kwenye mtungi nyuma ya jiko:
unga mweusi, maji vuguvugu, punje mbili za kitunguu saumu,
siku nne za kungoja.
Anauinamia, anaunusa, anafumba macho.
"Bado," husema. Au: "Leo."
Na leo ilikuwa tamu kuliko sukari ya kadi,
maana yake ni zalewajka, supu ya viazi na chachu,
kipande cha ngozi ya nguruwe kikizungushwa sufuriani
kisha kikaopolewa, kikafutwa,
kikawekwa dirishani kwenye baridi kungoja Alhamisi.
Ngozi moja, sufuria tatu.
"Hii ya tatu," baba alisema akipuliza kijiko,
"imepitiwa na kivuli cha nguruwe tu."
Maganda ya viazi yalikwenda kwa sungura wa Bwana Kmiecik,
naye akatulipa kwa vifungo.

Hivyo ndivyo nilivyopata vifungo kumi na viwili
kabla sijapata gauni.

Mwaka wa Komunyo yangu ya kwanza
kiwanda kiliwauzia wafumaji miisho ya majora,
kitambaa cheupe chenye kasoro, bei ya mkate.
Mama akaleta mita tatu kasorobo chini ya koti.
Pembeni mhuri wa bluu: DARAJA LA PILI.
Akausugua kwa siki. Akausugua kwa maji ya maziwa mgando.
Mhuri ukafifia kidogo, kama anayejifanya amelala.
Basi akaukunja ndani ya upindo,
upindo wa vidole vinne,
mpana kuliko gauni lenyewe lilivyohitaji.
"Huo si wako," aliniambia, sindano mdomoni,
"ni wa Halszka. Kisha ni wa Tereska.
Wewe umeazimwa tu."
Nililia. Cherehani haikunisikia.

Kanisani jua la Mei lilipenya kioo
likatupata kwenye magoti, wasichana tisa mstari mmoja.
Nikatazama chini, nikauona mhuri wangu
unang'aa kupitia kitambaa kama samaki chini ya barafu.
Nikatazama kushoto: DARAJA LA PILI.
Kulia: LA PILI, kichwa chini miguu juu.
Wasichana saba, jora moja.
Nyuma yetu mama zetu nao waliona.
Kicheko kilianza kwa mama yake Lidka,
kikapita benchi lote kama kikohozi,
na padri akangoja kiishe, kwa maana dada yake naye
alikuwa mfumaji.

Halszka alipolivaa, upindo ulishuka vidole viwili.
Kwa Tereska ukaisha,
mhuri ukabaki nje, peupe, pajani.
Usiku huo mama hakunusa mtungi.
Akatunga uzi wa bluu, akafuata herufi moja moja,
D ikawa ua, A ikawa ua,
hadi chini ya gauni pakaota shamba zima la maua
yasiyo na jina, na hakuna aliyeweza kuyasoma
isipokuwa sisi.

Nimebakiwa na kipande cha gauni hilo, ukubwa wa sahani.
Hakifai tena kuvaliwa hata na mwanasesere.
Nakifunika juu ya mtungi wangu, nakifunga kwa kamba,
inzi wasiingie, hewa ipite.
Asubuhi nakifunua. Nanusa.

Bado.